Laokoon analia au halii, na kwanini Wajerumani waliumia kichwa hivyo?

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa falsafa mwaka wa pili, nalifupisha: "Mwalimu, tumepewa kazi ya kuandika kuhusu Laokoon, kitabu cha Lessing, mwandishi wa Kijerumani. Nimefika katikati ya kitabu na mpaka sasa naona watu wazima wanabishana kama sanamu inapiga kelele au haipigi. Maadili yako wapi hapo? Na kwanini Wajerumani wahangaike na mtu wa Troya badala ya mambo yao?"

Umeona sawasawa mdogo wangu, wanabishana kuhusu mdomo. Kuanzia 1755 mpaka 1818 vichwa vikubwa vya Ujerumani vimekaa vinaangalia mdomo wa sanamu ya kale ya Laokoon, umefunguka kiasi gani na kwanini haujafunguka zaidi ya hapo. Ila ukiwafuatilia taratibu utakuta wanachogombania ni mtu akiumia kweli kweli, maumivu ya kufa, anatakiwa afanyeje ili abaki mtu, na sisi tunaomtazama tunatakiwa tufanyeje. Hayo ndo maadili yako, yako palepale, ila wameyafungia kwenye jiwe ndo maana huyaoni haraka.

Tuanze na stori yenyewe maana nahisi mmepewa kazi bila kusimuliwa. Laokoon ni kuhani wa Troya. Wagiriki wamezingira mji miaka kumi wameshindwa, wanajifanya wameondoka, wanaacha farasi wa mbao nje ya ukuta. Laokoon anashtuka, anawaambia wenzake hawa jamaa hata wakileta zawadi mimi nawaogopa, na anarusha mkuki ubavuni kwa yule farasi mpaka unasikika uko wazi ndani. Muda si mrefu nyoka wawili wakubwa wanatoka baharini, wanawakamata watoto wake wawili wa kiume, baba anakimbilia kuwaokoa, nyoka wanamviringisha na yeye. Watu wa Troya wakaona basi, miungu imemuadhibu kwa kumchoma farasi, wakamvuta farasi ndani, mengine unayajua. Hiyo ni kwa Virgil, mshairi wa Kirumi. Kuna masimulizi mengine ya zamani yanasema aliadhibiwa kwa kulala na mkewe ndani ya hekalu la Apollo, kwa hiyo alikuwa na kosa. Wajerumani karibu wote walimfuata Virgil, na ni rahisi kuelewa kwanini, maana kwa Virgil huyu mtu anakufa kwa sababu alisema ukweli.

Sasa sanamu. Ilichimbuliwa Januari 1506 kwenye shamba la mizabibu pale Roma, Michelangelo alikuwa kati ya watu wa mwanzo kwenda kuiona, Papa Julius II akainunua ikawekwa Vatikani na iko huko mpaka leo. Ni marumaru, inapita urefu wa mita 2, baba katikati na watoto huku na huku, nyoka wamewafunga wote watatu pamoja, na mmoja anamng'ata baba kiunoni. Mwili wake wote unapiga kelele, tumbo limeingia ndani, misuli imevimba, mpaka vidole vya miguu vimejikunja. Halafu unafika usoni, unakuta mdomo umefunguka kidogo tu, kama mtu anayeshusha pumzi nzito. Virgil kaandika wazi kwamba Laokoon alipiga mayowe ya kutisha hadi mbinguni, kama ng'ombe dume aliyekimbia madhabahu shoka likiwa limemkosakosa shingoni. Mshairi anasema alipiga mayowe, mchongaji anasema hakupiga. Ugomvi wote umeanzia hapo.

Wa kwanza kulivalia njuga ni Johann Joachim Winckelmann, mtoto wa fundi viatu wa mji wa Stendal, mwaka 1755. Aliandika kijitabu kidogo akiwa Dresden, kabla hajaiona hiyo sanamu yenyewe kule Roma, na humo akasema alama ya kazi bora za Wagiriki ni usahili wenye heshima na ukuu uliotulia. Akasema bahari juu inaweza kuchafuka inavyotaka lakini chini kabisa imetulia, na Laokoon ndivyo alivyo, mwili unateseka, roho imesimama imara. Kwahiyo kwa Winckelmann mdomo haukufunguka kwa sababu ya tabia ya mtu. Roho kubwa haipigi kelele. Sisi tuliokuzwa na "jikaze, wewe mwanaume" tunamwelewa hata kabla hajamaliza sentensi, na hapo ndo pa kuwa macho, maana kitu kikiwa rahisi hivyo kukikubali huwa hatukihoji.

Nijibu swali lako la pili hapahapa lisije likatusumbua mbele. Wakati huo hakuna nchi inaitwa Ujerumani, kuna utitiri wa vimamlaka, na kwenye majumba ya wakubwa kinachotawala ni Kifaransa, maigizo ya Kifaransa, adabu za Kifaransa, mfalme Frederick wa Prussia mwenyewe alikuwa anaandika Kifaransa. Winckelmann akaja na hoja ya ajabu kidogo, kwamba njia pekee ya sisi kuwa wakubwa, ikiwezekana mpaka tusiigike, ni kuwaiga watu wa kale. Yaani wamruke Mfaransa, waende moja kwa moja kwa Mgiriki. Kwa hiyo ukiwasikia wanaongea kuhusu Troya, mara nyingi wanajiongelea wao wenyewe, wanataka kuwa watu wa aina gani.

Sasa Lessing, na huyu ndo wako. Kitabu kimetoka 1766 na kinaanza kwa adabu kabisa, anamnukuu Winckelmann, anakubali kwamba uso hauonyeshi mayowe, halafu anasema nilichoshtuka ni sababu aliyoitoa. Winckelmann alikuwa amesema Laokoon anateseka kama Philoctetes, shujaa wa igizo la Mgiriki Sophocles. Lessing anauliza, hivi huyo Philoctetes anateseka vipi? Anapiga mayowe! Jukwaa zima limejaa kilio, tendo zima la igizo ni mtu anagugumia, analaani, anaomba akatwe mguu. Halafu anakwenda kwa Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, anaonyesha kwamba Venus akichubuliwa tu anapiga ukelele, Mars akichomwa mkuki analia kama wanaume elfu kumi, na hawa ni miungu, mmoja ni mungu wa vita kabisa. Kuna sehemu Priam, mfalme wa Troya, anawakataza watu wake wasilie wanapochoma maiti zao, Lessing anauliza mbona Agamemnon, mkuu wa Wagiriki, hawakatazi watu wake? Jibu lake ni kwamba Mgiriki aliyestaarabika aliweza kulia na bado akapigana kishujaa, ila mtu ambaye hajastaarabika lazima aue kwanza utu wake ndo awe jasiri. Usichukulie hilo kama historia, kumwita Mtroya mshenzi ni chuki ya kizamani tu na Homer mwenyewe hakuwaona hivyo. Lakini hoja ya maadili iliyo ndani ni nzito, kulia na kuwa jasiri havigombani.

Kaa hapo kwa Philoctetes kabla hujakimbilia sanamu, kwa sababu watu wengi wanaparuka na ndo moyo wa kitabu kwa upande wa maadili. Philoctetes naye aling'atwa na nyoka, mguuni, wakati Wagiriki wanakwenda Troya. Kidonda kikaoza, kikanuka, na vilio vyake vikawakera wenzake, basi wakamtupa kisiwa cha Lemnos peke yake na upinde wake, miaka kumi. Halafu wanakuja kugundua bila ule upinde Troya haitaanguka. Odysseus anakuja na kijana anaitwa Neoptolemus, mtoto wa Achilles, anampanga: nenda ukamdanganye yule mzee, jifanye rafiki, chukua upinde. Kijana anakubali kwa shingo upande, anadanganya vizuri tu. Ila kabla hawajaondoka, mzee anashikwa na maumivu mbele yake, anampa upinde amshikie. Analia bila kujificha. Na kijana anashindwa. Uongo unamkwama kooni, mwishowe anasema ukweli na anarudisha upinde.

Lessing anasema Philoctetes, ambaye ni mtu wa asili mtupu, anamrudisha Neoptolemus kwenye asili yake. Hebu fikiria maana yake. Kama mzee angejikaza, angekuwa mstoiki wa mfano, yaani mtu wa ile falsafa ya kale ya kuvumilia bila kutikisika, ameuma meno kimya, yule kijana angeondoka na upinde na dhamiri yake ingekuwa safi. Kilio ndicho kilichomfanya mtu mwingine kuwa mkweli. Na wakati huohuo Philoctetes si dhaifu, kwa sababu pamoja na maumivu yote anakataa kuwapa maadui zake msamaha wa bei rahisi hata kama kukubali kungempeleka kwenye matibabu. Analia kwa mwili, hainami kwa msimamo.

Hapo ndo Lessing anamgeukia Cicero, msemaji na mwandishi wa Kirumi, ambaye alimsema vibaya Philoctetes kwa kulalamika, na anajibu kwamba mtu akimsikia Cicero angedhani anamfundisha gladieta. Gladieta kazi yake ni kufa vizuri mbele ya watu bila kuonyesha kitu, kwa sababu akionyesha maumivu watazamaji wataanza kumhurumia na biashara itakufa. Shujaa wa jukwaani ni kinyume, yeye lazima aonyeshe. Lessing anafika mpaka kusema ustoiki hauna kazi kwenye tamthilia, na anawashuku Warumi kwamba ile michezo ya damu ndo iliwafanya wasiandike tanzia, yaani maigizo ya huzuni, za maana. Ukiunganisha na barua aliyomwandikia rafiki yake Nicolai mwaka 1756, alikosema mtu mwenye huruma zaidi ndiye mtu bora zaidi, unaona kitabu cha sanamu ni muendelezo wa nadharia ya maadili. Sanaa inatufundisha kuhurumia, na hatuwezi kuhurumia kitu kilichofichwa.

Basi kama kulia si aibu, kwanini mchongaji hakumpa Laokoon mayowe? Kwa Lessing ni suala la kazi yenyewe ya kuchonga, tabia ya mtu haihusiki. Mdomo uliopanuka kwenye mchoro ni doa na kwenye sanamu ni shimo, na shimo linachukiza, ukichukizwa unageuza uso, ukigeuza uso huruma imekwenda. Anatoa mfano wa mchoraji Timanthes aliyechora Iphigenia akitolewa kafara, akawapa wote huzuni usoni, alipofika kwa Agamemnon, baba wa binti, akamfunika uso. Hakuweza kuonyesha uchungu ule bila kuharibu sura.

Halafu kuna suala la muda. Mshairi anatembea na wakati, mchongaji amepewa sekunde moja tu, kama mtu aliyesimamisha video, na hiyo sekunde itakaa miaka elfu. Ukichagua kilele umemuua mtazamaji, hana tena pa kwenda. Laokoon akishusha pumzi, akili yako inaweza kumsikia akipiga mayowe. Akiwa tayari anapiga mayowe, kilichobaki ni kumwona amechoka au amekufa. Mfano mzuri ni wa Medea wa mchoraji Timomachus, hakuchora Medea anaua watoto wake, alimchora muda mfupi kabla, mapenzi na wivu vinapigana bado. Na kinyume chake kuna picha ya mwanafalsafa La Mettrie akicheka, Lessing anasema mara ya kwanza anacheka, ukirudi kumwangalia mara nyingi kicheko kinakuwa kukenua meno tu.

Na Virgil je? Virgil anaruhusiwa, kwanza kwa sababu mayowe yaliyoandikwa hayana mdomo wa kuonekana, pili kwa sababu kabla ya mayowe tumeshamjua Laokoon kama mzalendo mwenye kuona mbali na baba anayependa watoto wake. Kelele moja haiwezi kufuta yote hayo. Mimi hapa ndo naona Lessing anawazidi wote, kwa sababu ametenganisha maswali mawili ambayo Winckelmann aliyafunga pamoja. Je kulia ni aibu? Hapana. Je jiwe linaweza kulia bila kuharibika? Hapana pia, na hilo la pili halitoi hukumu yoyote juu ya la kwanza. Ukiandika hilo tu vizuri kwenye karatasi yako umeshapita.

Herder, mwanafikra mwingine wa Kijerumani, alimjibu Lessing 1769, alisema Philoctetes hapigi kelele ovyo hivyo, anajizuia kadri anavyoweza na kilio kinamponyoka. Ana hoja ila tusikae sana kwake.

Schiller, mshairi na mwandishi wa tamthilia, ndo wa kukaa naye. Mwaka 1793, amekwisha kumsoma Kant, mwanafalsafa wa wajibu na uhuru wa utashi, mpaka kalewa, anaandika insha kuhusu kinachogusa moyo katika tanzia. Anaanza kama Lessing, mateso lazima yaonyeshwe, na anawacheka wafalme wa tanzia za Kifaransa ambao hata wakiumia hawasahau vyeo vyao, anasema wanafanana na wale wa vitabu vya picha vya zamani wanaopanda kitandani na taji kichwani. Lakini anaongeza kitu ambacho Lessing hakukisema wazi. Mateso matupu hayana heshima yoyote, hata mnyama anateseka. Kinachotakiwa kuonekana ni kwamba ndani ya mateso kuna kitu kinachopinga, uhuru wa mtu, ambao nyoka hawezi kuuviringisha. Sasa uhuru hauonekani kwa macho, utauonyeshaje? Schiller anarudi kwa Virgil na anaona jambo dogo, mpangilio tu: nyoka wanawakamata watoto kwanza. Laokoon bado yuko huru kwa nukta hiyo. Angeweza kukimbia. Anachukua silaha anakwenda kwa watoto, na ndo anakamatwa. Kwa hiyo, anasema Schiller, ni kama vile amejitoa mwenyewe kwa hiari, kifo chake kinageuka kuwa tendo la utashi wake. Winckelmann naye kwenye historia yake kubwa ya sanaa ya 1764 alikuwa amegusia kwamba baba anaonekana kuumizwa zaidi na mateso ya watoto kuliko yake, na Schiller analichukua hilo kwa furaha.

Ukitaka maadili ya Kant yakiwa na nyama na mifupa, hapo ndo pake. Ila nina neno na Schiller. Kwake wale watoto wanakuwa nafasi ya baba kuonyesha uhuru wake, wao wenyewe wanakufa bila nafasi yoyote. Huruma ya Lessing ingeanza na yule mtoto mdogo. Pia ushahidi wa Schiller unatoka kwenye shairi, marumaru haina "kwanza" na "halafu", wote wameshikwa tayari. Kwahiyo anamsoma Laokoon wa Virgil kisha anampa heshima zake yule wa Vatikani.

Aliyekaa na watoto ni mshairi Goethe, 1798, kwenye jarida lake Propyläen. Yeye alivua stori yote, akasema sahau ukuhani, sahau Troya, hapa kuna baba na wanawe wawili wamevamiwa na nyoka. Akaangalia kwa jicho la mtu wa sayansi, kila msuli unaelezwa na ile sehemu moja aliyong'atwa kiunoni, mwili unakimbia kutoka kwenye meno. Kisha akagawa hisia: baba anatutia hofu kuu, mdogo anatutia huruma, na mkubwa, ambaye hajabanwa sana na anawaangalia wenzake, anatuachia wasiwasi na tumaini kidogo. Anashauri ukaiangalie usiku kwa mwanga wa mwenge, ufumbe macho ufumbue, utaiona inatembea, kama radi iliyogandishwa. Maadili humo machache, ila macho anayo.

Wa mwisho kwenye orodha yako awe mwanafalsafa Schopenhauer, 1818, anawashangaa wote hao wenye akili kwa kuhangaika. Kwake jibu ni jepesi: mayowe ni sauti, jiwe halina sauti, mdomo uliopanuka bila sauti ni kichekesho, kwishney. Anamtaja hata Guido Reni kwenye picha yake ya watoto waliouawa Bethlehemu kwamba alikosea kuweka watu sita wamepanua midomo. Kinachonichekesha ni kwamba huyuhuyu baadaye ndiye atakayejenga maadili yote juu ya huruma, lakini kwenye Laokoon aliongea kama fundi tu.

Kitu kimoja ambacho wengi wanaoandika hiyo kazi hawakijui, na mimi nakupa bure. Sanamu waliyoibishania hao wote haikuwa hii iliyopo leo. Ilipochimbuliwa haikuwa na mkono wa kulia, na karne ya 16 ilitengenezewa mkono ulionyooka juu, wa kishujaa hasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ludwig Pollak, mtaalamu wa vitu vya kale, Myahudi mzaliwa wa Prague aliyeishi Roma, alikuta kipande cha mkono wa marumaru kwenye karakana ya mchonga mawe hapo Roma akakitambua. Umekunjwa nyuma ya kichwa. Ulikuja kurudishwa mahali pake mwishoni mwa miaka ya 1950, Pollak hakuuona siku hiyo, alikamatwa Roma Oktoba 1943 na kuuawa Auschwitz. Tafuta picha mbili uziweke pamoja. Mwenye mkono ulionyooka anapigana, anakaribia kushinda, ni Laokoon wa Winckelmann na Schiller. Mwenye mkono uliokunjwa amebanwa, nguvu zinamrudia mwenyewe, na huyo kwangu yuko karibu zaidi na Philoctetes kuliko na bahari iliyotulia. Lessing angefurahi, nadhani, japo naye alikuwa ameandika kitabu kabla hajakanyaga Italia, alifika kule 1775.

Kwa kazi yako: soma sura ya 1 mpaka ya 4 kwa kalamu mkononi, hasa ya 4. Sura ya 16 nayo usiiache, ndo yenye nadharia ya nafasi na wakati. Zile za katikati anazogombana na wasomi Spence na Caylus unaweza kupita haraka, hutapoteza kitu kwenye maadili. Kisha chukua kurasa za Schiller kuhusu Virgil uziweke dhidi ya Neoptolemus, na muulize kila mmoja swali moja tu: nani anabadilika kwa sababu ya mateso haya, anayeteseka au anayetazama? Lessing atakwambia anayetazama, Schiller atakwambia anayeteseka. Chagua upande halafu utetee kwa mistari ya maandishi yao, usiniandikie maoni matupu kwamba wote wana hoja.